UZI: Nilipakia maktaba yangu ya programu bila leseni, yakanikuta. Namna ya kuiwekea leseni huria bila kujidanganya

Fundi Namba (mleta mada) · #1

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita kuna mtu aliuliza humu "library yangu niweke leseni ipi?" Akajibiwa "weka MIT, songa mbele", yaani leseni moja fupi inayotumiwa sana, mada ikafa. Nilinyamaza, maana na mimi ndivyo nilivyokuwa nafikiri mpaka yaliponikuta.

Nina kamaktaba kadogo ka Python, yaani kipande cha msimbo ambacho wengine wanakichomeka kwenye programu zao. Kazi yake moja: unakapa namba, kanakurudishia maneno ya Kiswahili. 1,250 inatoka "elfu moja mia mbili na hamsini". Nilikaandika kwa ajili ya risiti za duka la mjomba, kwa sababu alikuwa anaandika kiasi kwa maneno kwa mkono na akichoka anaruka sifuri. Nikakaweka GitHub (tovuti ya kuwekea msimbo), nikakapandisha PyPI (ghala la maktaba za Python), README, yaani faili la maelezo, mistari sita, nikalala.

Ikapita kama miaka miwili. Siku moja ikaingia barua pepe ya dada mmoja wa kampuni fulani ya Nairobi, siitaji. Kwa adabu kabisa anasema walikuwa wanaitumia maktaba yangu kwenye ankara zao. Mkaguzi amepita, ameuliza leseni yake iko wapi, hawana cha kumwonyesha. Wameiondoa, wameandika ya kwao. Nilikuwa kwenye daladala ya Mbagala, nikapitiliza kituo.

Kilichoniuma siyo hela, sikuwa nalipwa. Kiliniuma kwamba nilidhani kuweka kazi hadharani ndiyo kuigawa. Kumbe nilikuwa nimeweka chakula mezani sijamkaribisha mtu. Mwenye adabu zake hali. Asiye na adabu anakula, lakini huyo hata ukiweka leseni hasomi.

Hakimiliki inazaliwa pale pale unapoandika. Huendi kujisajili popote, huandiki alama ya ©, ni yako. Ukikaa kimya, sheria inahesabu kwamba umebaki na haki zote. GitHub nao masharti yao yanasema ukiweka repo (ghala la mradi wako) wazi, watumiaji wenzako wanaruhusiwa kuiangalia na kujitengenezea nakala humo humo GitHub. Basi. Kuichukua na kuiingiza kwenye bidhaa yao ni ruhusa nyingine, na mwenye kuitoa ni wewe.

Usiku ule ule nikafungua faili jipya, nikabandika maandishi ya MIT, dakika mbili. Nikaliita LESENI.txt, kwa uzalendo. Na mwishoni nikaongeza sentensi yangu: "Kampuni za nje ya Afrika Mashariki ziwasiliane nami kwanza."

Hayo ni makosa matatu ndani ya dakika mbili. Mawili nimewatajia, la tatu lilikuwa linanisubiri ndani ya msimbo. Nikirudi nitawaeleza. Kama kuna anayejua zaidi yangu anisahihishe, mimi siyo mwanasheria.

---

Mjukuu wa Chifu · #2

Mkuu, kwa Bongo hii nani atakushitaki kwa mistari mia tatu ya Python? Mambo ya leseni ni ya Wazungu wenye mawakili. Mimi nina repo kumi na moja, sina leseni hata moja, nalala usingizi.

---

Fundi Namba · #3

Mjukuu, umegeuza swali. Hakuna anayekuja kukushitaki wewe. Anayeogopa ni yule anayetaka kutumia kazi yako. Wewe unalala usingizi, yeye ndiye anayeamka na mkaguzi mlangoni.

Na kama una watumiaji sifuri kwenye repo kumi na moja, hujajiuliza kwa nini?

---

Mjukuu wa Chifu · #4

Hapo umenipiga chini ya mkanda 😂 Endelea.

---

Wakili Msomi · #5

Niongezee kwenye hilo la "mambo ya Wazungu". Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya wana Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na zote mbili zinalinda programu za kompyuta. Kenya iliingia Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1993, Tanzania mwaka 1994. Ndiyo maana msimbo ulioandikiwa Tandika una ulinzi Berlin bila muhuri wa mtu yeyote.

Kama mtu anadhani leseni hizi za bure ni porojo tu mahakamani, kuna kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer huko Marekani. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ilisema masharti ya leseni huria ni masharti ya kweli, ukiyakiuka unaweza kuwa umevunja hakimiliki. Na kesi yenyewe ilihusu programu ya kuendeshea treni za kuchezea. Siyo benki. Treni za kuchezea.

Mleta mada, ile sentensi yako ya "kampuni za nje ya Afrika Mashariki" ilikuwa na shida gani? Nataka uijibu wewe.

---

Fundi Namba · #6

Shida ya kwanza niliiona asubuhi yake. GitHub huwa inasoma faili la leseni na kuandika jina lake pembeni mwa repo. Yangu haikuandika chochote. Nikadhani mtandao.

Kumbe ile mashine inatafuta faili lenye jina inalolijua, yaani LICENSE, LICENSE.md, COPYING na ndugu zake. LESENI.txt hailijui. Nikabadili jina likawa LICENSE. Sasa ikaliona lakini haikulitambua, kwa sababu inalinganisha maandishi na nakala rasmi, na yangu yalikuwa na sentensi ya ziada. Nilipoifuta ile sentensi na kupandisha upya, neno MIT likatokea pale pale.

Shida ya pili ni ya maana yenyewe. Shirika la OSI (Open Source Initiative), ambalo tangu mwaka 1998 ndilo linalotunza tafsiri ya "chanzo huria" (open source), lina vigezo kumi. Cha tano kinasema usibague mtu wala kundi la watu. Cha sita, usibague aina ya shughuli. Kwa hiyo "bure kwa Waswahili tu", "bure kwa wanafunzi tu", "wasitumie watu wa kubeti", zote unaweza kuandika, ni mali yako. Ila usiite chanzo huria, na usishangae watu wakiikwepa.

---

Dada Terminali · #7

Kwenye hili la kuongeza sentensi nina kisa nakipenda sana. Douglas Crockford, yule wa JSON (muundo wa kuandika data), alichukua MIT akaongeza mstari mmoja tu: programu hii itumike kwa Mema, siyo kwa Maovu. Sentensi nzuri utafikiri imetoka msikitini. Debian, wale wa mfumo wa Linux, wakaikataa, hawaihesabu kuwa huria. Shirika la programu huria la Apache nao mwaka 2016 wakaiweka kwenye orodha ya leseni ambazo miradi yao hairuhusiwi kuzitumia. Kwa sababu nani anapima uovu? Mwanasheria wa kampuni hawezi kuweka sahihi kwenye neno hilo.

Kwa hiyo ndugu zangu, usiandike leseni yako mwenyewe na usipambe ya mwenzio. Ichukue neno kwa neno. Anayekagua maktaba mia nne kwa siku anajua MIT ni nini bila kufungua faili. Ya kwako itabidi aisome, na hana muda.

---

Kijana wa Chuo · #8

Samahani wakubwa, mimi mgeni. Tofauti ya hizi leseni ni nini kwa lugha ya kawaida? MIT, Apache, GPL, LGPL... naona alfabeti tu.

---

NuktaMkato · #9

Karibu mdogo wangu. Nakupa ya maktaba tu, maana maktaba na programu nzima si kitu kimoja. Maktaba inaenda kuishi ndani ya nyumba ya mtu mwingine, na mwenye nyumba anataka kujua mgeni ana masharti gani.

MIT na BSD: chukua, tumia, uza, funga, ila jina langu na maandishi ya leseni viende na nakala. Na ikiharibika usinidai. Basi.

Apache 2.0, ya Januari 2004, ni ndugu yao mwenye maneno mengi. Inaongeza ruhusa ya hataza: mchangiaji hawezi kukuletea msimbo leo kisha kesho akudai kwamba una wazo lake alilolisajili. Na ukianzisha kesi ya hataza juu ya kazi hiyo, ruhusa yako ya hataza inakufa.

GPL ni ukoo mwingine. Ukisambaza programu yenye maktaba ya GPL ndani yake, programu nzima inabidi itoke kwa GPL, na msimbo wake uutoe. Nguvu yake ni ya kweli. Mwaka 1992 CLISP, mfumo wa kuendeshea lugha ya Lisp, iliingia GPL kwa sababu ilikuwa inatumia readline. Maktaba moja ya kuhariri mstari wa maandishi ikavuta mfumo mzima.

LGPL ilitungwa kwa ajili ya maktaba. Mwaka 1991 ilipotoka, ile L ilikuwa ya neno maktaba kwa Kiingereza. Mwaka 1999, toleo la 2.1, wakaibadili kuwa "pungufu", kwa sababu hawakutaka watu wadhani kila maktaba lazima iende huko. Inasema: programu yako baki nayo, ila maktaba ukiibadili toa mabadiliko, na mtumiaji aweze kuchomoa maktaba yangu na kuchomeka toleo lake.

AGPL inaziba tundu la seva. GPL ya kawaida haikugusi kama programu inakaa kwenye seva yako na humpi mtu nakala. AGPL inakugusa.

---

Pwani Kwetu · #10

Hapo kwenye kuchomoa na kuchomeka ndipo nilipoumia mie. Nafanya Flutter, programu za simu kwa lugha ya Dart. Programu ya simu ikishajengwa, maktaba zote za Dart zimeyeyushwa humo humo zikawa kitu kimoja, mtumiaji atachomoa nini? Lugha ya Go nayo vile vile. LGPL kwa Python haina taabu sana kwani faili lako limekaa peke yake, mtu analibadilisha. Kwa Dart ni kisirani.

Ukitaka mabadiliko yarudi na huku hutaki kumsumbua mtu wa simu, tazama MPL 2.0 ya mwaka 2012. Inahesabu faili kwa faili. Faili langu ukiligusa, rudisha hilo. Mafaili yako ni yako. OpenMRS, ule mfumo wa hospitali, uko kwenye hiyo. DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, inayotumiwa na wizara za afya huku kwetu, ni BSD ya vifungu vitatu. Ushahidi iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 jukwaa lake ni AGPL. Wote ni watu wenye akili na wamechagua tofauti. Kwa hiyo yule aliyesema "weka MIT songa mbele" mpeni pole.

---

Mjukuu wa Chifu · #11

Mimi sasa nimeanza kuipenda GPL. Tuandike maktaba, makampuni makubwa yakitaka yatoe na ya kwao. Kwa nini tuwape bure?

---

Fundi Namba · #12

Mjukuu, hoja nzuri, nami niliilalia siku tatu. Nikajiuliza kitu kimoja: maktaba yangu ni ya kugeuza namba kuwa maneno. Mtu ataweka benki yake nzima wazi kwa ajili ya "elfu moja mia mbili na hamsini"? Ataandika ya kwake kwa wiki moja, kama walivyofanya wale wa Nairobi. GPL ina meno kama una kitu ambacho mtu hawezi kukipata pengine. Mimi sina.

Halafu, kabla hata ya kuchagua, likaibuka lile kosa la tatu. Kaeni vizuri.

Kwenye ile repo kulikuwa na faili linaitwa ngeli.py. Linafanya upatanisho: "watu wawili", "vitabu viwili", "miti miwili". Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane zinabadilika, sita na saba na tisa zimekaa kama zilivyo. Kazi safi, mistari mia mbili na kitu. Siyo yangu. Ililetwa na jamaa mmoja mwaka wa kwanza kabisa, nikaiunganisha kwa furaha, nikamwandikia "asante sana kaka". Huyo huyo ndiye aliyeongeza swichi ya laki, maana Bongo 150,000 ni "laki moja na elfu hamsini" na Kenya wengi watakwambia "elfu mia moja hamsini".

Sasa mimi usiku ule nimebandika MIT yenye jina langu juu ya kazi yake. Nani kanipa ruhusa?

---

Wakili Msomi · #13

Hakuna aliyekupa. Hilo ndilo nilikuwa nasubiri ulitaje. Kila mchangiaji ana hakimiliki ya mistari yake mpaka aseme vingine. Kuunganisha msimbo wake kwenye repo yako hakukufanyi wewe mwenye mali.

Na wengi wanasahau mwajiri. Kwa sheria ya Kenya, kazi uliyoifanya ndani ya ajira haki yake inakwenda kwa mwajiri isipokuwa mmekubaliana vinginevyo, na hata kazi ya kuagizwa ina utaratibu kama huo. Tanzania haki za kiuchumi za kazi ya ajira nazo zinahamia kwa mwajiri kama mkataba haukusema tofauti. Kwa hiyo kabla ya "leseni ipi", jiulize: ni yangu kweli? Niliiandika saa ngapi, kwa maelekezo ya nani, mkataba wangu unasemaje? Ukiwa na shaka, omba barua ya mstari mmoja kutoka kwa bosi. Mstari mmoja tu.

---

Kijana wa Chuo · #14

Na sisi tunaofanya mradi wa mwisho chuoni?

---

Wakili Msomi · #15

Vyuo vingi vina sera ya miliki bunifu. Iombe, isome. Usiulize rafiki yako wa hosteli.

---

NuktaMkato · #16

Kuna kitu cha kuongeza hapo. Masharti ya GitHub yana kipengele kwamba ukiongeza kitu kwenye repo yenye tangazo la leseni, unakitoa kwa leseni hiyo hiyo. Kwa hiyo mkuu, kama ungekuwa na LICENSE toka siku ya kwanza, yule wa ngeli angekuwa ameshaingia ndani yake. Ulichelewa miaka miwili, ndiyo maana unamtafuta mtu.

Umempata?

---

Fundi Namba · #17

Ilinichukua wiki tano. Barua pepe yake ilirudi. Akaunti yake haijaguswa tangu mwaka ule. Mwishowe nikampata kupitia kundi la WhatsApp la wanafunzi waliosoma naye. Akanijibu usiku wa manane: "Weka unachotaka kaka, mi nilishasahau hata kama niliandika."

Nikamwomba aje aliandike kwenye repo, hadharani, kwa akaunti yake. Akauliza yote haya ya nini. Nikamwambia mkaguzi hasomi WhatsApp yangu. Akacheka, akaja kuandika: "Nakubali michango yangu yote humu itolewe kwa Apache 2.0." Kamstari kamoja. Nilikashangilia kama goli.

Kulikuwa na mwingine sikumpata kabisa. Alirekebisha namba hasi, mistari kumi na nne. Nikaifuta yote, nikaandika upya bila kuitazama, tena yangu imetoka ndefu zaidi. Si neno.

Na kama mnadhani nilifika, bado. Nilikuwa na faili la majina ya sarafu, shilingi, faranga, dirhamu, riyali. Nikakumbuka nililinakili kutoka maktaba nyingine ya lugha nyingine. Nikaenda kuitazama leseni yake. GPL-3.0.

---

Dada Terminali · #18

Uwiii. Hiyo ni mimemagic kabisa!

Kwa wasioijua: Machi 2021, upande wa lugha ya Ruby. Kamaktaba kadogo, kazi yake kutambua aina ya faili. Kwenye paji la uso imeandikwa MIT. Ndani yake kuna faili la orodha lililotoka mradi wa shared-mime-info, ambao ni GPL toleo la 2. Mwenye maktaba akajulishwa. Akabadili leseni kuwa GPL, na matoleo ya zamani akayang'oa RubyGems, ghala la maktaba za Ruby. Sasa Rails, mfumo wa kujengea tovuti kwa Ruby, ilikuwa inaitegemea kupitia maktaba ya tatu. Watu wanaamka asubuhi, wanasakinisha mifumo yao kama kila siku, haisakiniki. Timu ya Rails ikabidi itoe matoleo mapya haraka haraka ya kuachana nayo.

Faili moja la orodha, wala siyo msimbo.

---

Fundi Namba · #19

Ndiyo hivyo. Nilifuta faili la sarafu, nikaliandika upya kutoka kichwani na kwenye noti zenyewe. Halafu nikapita repo nzima mstari kwa mstari nikiwauliza: nyie mmetoka wapi? Nikakuta kipande nilichokitoa Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandika programu. Vya pale tangu Mei 2018 vinatolewa kwa CC BY-SA 4.0 (umtaje mwandishi, na ukibadili utoe kwa leseni hiyo hiyo), siyo MIT kama wengi tunavyodhani. Kilikuwa mistari mitatu, nikakiandika upya nacho.

Kama unataka kuiwekea maktaba leseni leo, anzia hapo. Kuchagua leseni ni jioni moja. Kujua kila mstari umetoka wapi ndiyo kazi, na kila mwezi unaochelewa inakuwa nzito.

Nilichagua Apache 2.0. Sababu siyo hataza, nani atasajili hataza ya "hamsini na saba"? Sababu ni kifungu cha 5: mtu akileta mchango kwa makusudi uingie kwenye kazi hii, unaingia kwa masharti ya leseni hii hii, isipokuwa aseme wazi vingine. Hilo lilinigusa palipouma. NuktaMkato atasema GitHub tayari wanalo, lakini mimi mabadiliko mengine huwa naletewa kwa barua pepe.

Namna nilivyoiweka:

Nakala kamili ya Apache 2.0 kwenye faili LICENSE, kwenye mzizi wa repo, sikugusa herufi. Mwishoni mwake kuna kiambatisho chenye mabano ya mwaka na jina la mwenye haki. Wengi wanayajaza pale pale. Yale siyo ya kujazwa pale. Unanakili tangazo lile, unalijaza, unaliweka juu ya kila faili la msimbo. MIT ndiyo unayojaza mwaka na jina ndani ya LICENSE yenyewe, na nimeona maktaba kubwa tu zimebaki na maneno ya mfano ndani ya mabano, hakimiliki ya mtu asiye na jina.

Kwenye mafaili madogo sikuweka tangazo refu. Niliweka mistari miwili:

```
# Hakimiliki ya waandishi wa maktaba hii
# SPDX-License-Identifier: Apache-2.0
```

Huo wa pili ni alama za SPDX, majina mafupi ambayo mashine zinayasoma. Linux wenyewe walianza kuyatumia kwenye kiini mwaka 2017, na mwaka 2021 yakawa kiwango cha ISO. Faili likinakiliwa kwenda mradi mwingine, linakwenda na kitambulisho chake mfukoni.

Kwenye pyproject.toml, faili la maelezo ya kifurushi:

```
license = "Apache-2.0"
license-files = ["LICENSE", "NOTICE"]
```

NOTICE nimeweka majina ya waliochangia. Kumbukeni tu, ukiliweka hilo faili, kila anayesambaza kazi yako inambidi aendelee kulibeba. Usijaze tangazo la biashara humo.

Na lile kosa la LESENI.txt lilikuwa na madhara mengine ya kimya kimya. Hata kwenye PyPI kifurushi changu kilikuwa kinatoka hakina leseni ndani, kwa sababu setuptools, zana ya kufungashia maktaba za Python, ikijenga kifurushi inaokota yenyewe mafaili yanayoanza na LICENSE, COPYING, NOTICE na AUTHORS. LESENI haimo. Uzalendo wangu nimeuhamishia README, kuna aya ya Kiswahili inayoeleza leseni kwa lugha ya nyumbani, na mstari unaosema maandishi yenye nguvu ni yale ya LICENSE.

---

NuktaMkato · #20

Sitabishana na kifungu cha 5. Ila waambie wanaofanya GPL toleo la 2 pekee kwamba Apache 2.0 haichanganyiki nayo. Na toleo la 3 inachanganyika, kwa njia moja: Apache inaingia ndani ya GPL, GPL haiingii ndani ya Apache. Watu wa Rust wengi hutoa maktaba zao kwa zote mbili, MIT au Apache, mtumiaji achague.

Na nyie wa npm, ghala la maktaba za JavaScript: kwenye package.json, faili la maelezo ya kifurushi, kuna maneno mawili yanafanana kama pacha. "UNLICENSED" maana yake simpi mtu ruhusa yoyote. "Unlicense" ni leseni inayotupa kazi yote kwa umma. Herufi moja, D, na umehama kutoka kufuli hadi mlango wazi. Halafu ukikubali tu kila swali la npm init, amri ya kuanzisha mradi, unajikuta na ISC, leseni fupi ya jamaa ya MIT, ambayo hukuichagua.

---

Pwani Kwetu · #21

Na pub.dev, ghala la Dart, bila faili LICENSE haikupokei. Maven Central, ghala la Java, nao wanadai leseni iandikwe ndani ya POM, faili lao la maelezo. Afadhali wao wanakulazimisha.

Swali langu, mleta mada: na kesho ukibadili mawazo? Ukataka kuifunga uuze?

---

Fundi Namba · #22

Matoleo yajayo naweza, kama kila mwenye mistari humo amekubali au ruhusa yake inanitosha. Yaliyokwisha kutoka yameshatoka, aliyeyachukua kwa Apache anabaki nayo kwa Apache. Elastic, wenye programu ya utafutaji Elasticsearch, walibadili leseni mwaka 2021, watu wakachukua toleo la mwisho la zamani wakaanzisha OpenSearch. Redis, hifadhidata, nao mwaka 2024, ikazaliwa Valkey. Maji yaliyomwagika hayo.

Na ukitaka kulegeza, bado unarudi kwa watu. VLC walipohamisha maktaba yao ya ndani kutoka GPL kwenda LGPL mwaka 2011, ilibidi wawatafute wachangiaji mmoja mmoja. Mimi wangu walikuwa wawili na niliwahangaikia wiki tano.

---

Mjukuu wa Chifu · #23

Nimemaliza repo nne kati ya kumi na moja. Ya tano nimekuta msimbo wa bosi wangu wa zamani ndani. Nimeifunga, naandika ile barua ya mstari mmoja.

Mkuu, wale wa Nairobi walirudi?

---

Fundi Namba · #24

Hawakurudi, wana yao. Ila yule dada aliniandikia tena, safari hii kwa jina lake mwenyewe. Amenitumia kasoro tatu alizozikuta wakati anaandika ya kwao. Moja ni sifuri ya katikati, 1,007 ilikuwa inatoka na "na" mbili.

---

Pwani Kwetu · #25

Mimi nimeijaribu sasa hivi. Saa haiijui. Nimeipa 12:45 ikanipa "kumi na mbili arobaini na tano". Huku kwetu hiyo ni saa saba kasorobo.

---

Fundi Namba · #26

😂 Lete marekebisho. Soma faili la CONTRIBUTING kwanza, ni mistari mitano, na uhakikishe hujaiandika kwenye kompyuta ya ofisi.